Gunia la Koltani Lina Namba, Mwenye Kurudi Hana



Neno tulilo nalo leo ni neno la kurudi. Kila mwenye redio amekwisha kulisikia hata amelizoea. Liliandikwa katika mapatano ya Washington tarehe 27 Juni 2025, yaliyotiwa sahihi na mawaziri wa Kongo na wa Rwanda. Liliandikwa tena Doha tarehe 19 Julai 2025, kati ya serkali ya Kinshasa na AFC/M23. Liliandikwa mara ya tatu Doha tarehe 15 Novemba 2025, katika karatasi kubwa yenye itifaki nane, na siku ile ya kutia sahihi itifaki mbili tu ndizo zilizokuwa zimekamilika. Ile ya wakimbizi haikuwa mojawapo. Kisha Desemba tarehe 4 marais wawili wakaenda Washington wenyewe. Wanasema watu watarudi kwa usalama, kwa hiari na kwa heshima. Maneno mazuri sana. Sisi makarani tunapenda maneno mazuri, lakini kazi yetu imetufundisha kuuliza: yameandikwa katika daftari gani, na nani ameshika kalamu?

Hatuulizi kwa kiburi. Tunauliza kwa sababu Sake ni mji wa kukimbia na kurudi, na hakuna mtu wa Doha anayeweza kutufundisha habari hiyo. Hapa njia zinagawanyika: moja yaenda Goma, kilomita kama 25, moja yapanda Masisi, moja yashuka Minova hata Bukavu. Mwenye kuishika Sake anashika mlango wa Goma, ndiyo maana kila vita vinapita kwetu. Tulikimbia Novemba 2006 wakati wa Nkunda. Tulikimbia Novemba 2012. Tulikimbia Februari 2024, magodoro juu ya chukudu, kuku wamefungwa miguu, wazee wakibebwa mgongoni. Na Januari 2025 Sake ikaanguka mikononi mwa M23 siku chache kabla ya Goma, ambayo ilianguka tarehe 27. Katikati ya hayo yote, Mei 2021, Nyiragongo ulipotoa moto na serkali ikaamuru watu wa Goma watoke, walikuja wapi? Walikuja Sake. Walilala makanisani, mashuleni, barazani kwetu, na maharagi yetu tuliyagawa nao. Kwa hiyo mtu wa Sake anajua pande zote mbili za mlango.

Sasa tuseme jinsi kurudi kulivyofanyika kwa kweli. Mwezi wa Februari 2025, watu wa kambi za pembeni ya Goma, Bulengo, Lushagala na nyinginezo, waliambiwa watoke, na muda uliotajwa ulikuwa saa 72. Baadaye wakubwa wa M23 walisema kwamba watu walirudi kwa kupenda kwao. Tunajibu kwa adabu: mtu ambaye turubai lake linakunjwa, na bomba la maji linafungwa, na jirani zake wote wamekwisha kushika njia, huyo kupenda kwake kuko wapi? Ni kweli wengi walitamani kwao. Nani hatamani kwao? Kambi ya mawe ya volkano, usiku mvua, mchana njaa, na mabomu yalifika hata kambini, kama yale ya tarehe 3 Mei 2024 pale Mugunga na Lac Vert. Lakini kutamani kwenda ni jambo moja, na kupewa saa 72 ni jambo lingine. Walipanda njia ya Masisi kwa miguu. Wengine walikuta ukuta bila mabati, wengine walikuta majani yamefunika kiwanja, wengine walikuta mabomu ambayo hayakupasuka yamelala shambani kama viazi. Hata bunduki mpya ikija inasema amani imekuja, jembe linaogopa kugusa ardhi.

Tena tusidhani mambo haya yameanza na watu wa juzi. Vijana wengi wa mashimoni hawakumbuki, basi tuwakumbushe. Tarehe 23 Machi 2009 mapatano yalitiwa sahihi Goma kati ya serkali na CNDP. Jina la M23 limetoka katika tarehe hiyo. Mapatano yale nayo yaliahidi kurudi kwa wakimbizi na waliohamishwa, na yaliahidi kamati za mahali za upatanisho, ambamo wenyeji wangekaa kusikiliza mashauri. Septemba 2009 kambi za pembeni ya Goma zikafungwa karibu zote kwa muda mfupi, watu makumi ya maelfu wakapanda njia hii hii. Mugunga ya tatu ikabaki kwa wale wasio na pa kwenda. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Februari 2010, mapatano mengine ya pande tatu, Kongo na Rwanda na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, yakatiwa sahihi kwa ajili ya wale walioko ng'ambo ya mpaka. Karatasi zilikuwa tele. Kamati za upatanisho zilikuwa chache na maskini, hazikuwa na nguvu ya kumtoa mtu mwenye bunduki katika shamba la mjane. Na Septemba hiyo hiyo ya 2010 rais akafunga mashimo yote ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hata Machi 2011. Hebu fikiri, ndugu: umeambiwa urudi, shamba lako analima mwingine, ukakimbilia shimoni upate franka, na shimo nalo limefungwa. Wengi walirudi kambini mguu kwa mguu. Mwaka 2012 vita vikaanza tena, na watu wakashangaa vimetoka wapi.

Sisi hatukushangaa. Mzizi wa jambo ni ardhi, na mzizi wa ardhi ni mrefu kuliko maisha yetu. Wabelgiji, kuanzia mwaka 1937 hata 1955, walileta watu makumi ya maelfu kutoka Rwanda kuja Masisi, kwa shirika waliloliunda kwa kazi hiyo, maana walitaka mikono ya mashamba yao makubwa na ya mashimo. Waliwapa Gishari, wakawawekea utawala wao, kisha mwaka 1957 wakaufuta utawala ule. Wahunde hawakuulizwa walipochukuliwa ardhi, na hao walioletwa hawakuulizwa walipowekwa juu yake. Mzungu akaondoka 1960, akatuachia ugomvi kama deni lisilo na mdhamini. Kisha sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ikasema kwamba ardhi ya vijiji ni ya serkali, na kwamba haki za wenyeji juu yake zitapangwa na amri ya rais. Amri hiyo wananchi waliingojea zaidi ya miaka 40 bila kuiona. Mwaka ule ule wa 1973 mashamba ya wageni yakagawiwa wakubwa, na vilima vya Masisi vikawa fermi za ng'ombe zenye seng'enge. Maziwa yalikwenda Goma, jibini ilikwenda mbali zaidi, na mlimaji akabaki na kamba ya udongo chini ya barabara.

Kwa hiyo mwaka 1993, mwezi wa Machi, watu walipouana kuanzia soko la Ntoto kule Walikale hata Masisi yote, kilichowaka kilikuwa kimekauka zamani. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu, na wenye silaha kati yao. Mwaka 1995 na 1996 Watutsi wa Masisi wakafukuzwa, na waliokuwa wamejificha Mokoto wakauawa Mei 1996. Waliobaki hai wakavuka mpaka. Kambi ya Kiziba nchini Rwanda ilifunguliwa Desemba 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka wa kwanza leo ana watoto wake. Na kwa upande wa pili, mlimaji wa Kihunde au wa Kihutu aliyelala porini kwa ajili ya jeshi hili na lile, mara kumi, mara kumi na tano, naye ana watoto, nao hawana shamba.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Sake kuna watu wanaosema: wa Kiziba wasirudi, hao si wetu. Kuna wengine wanaosema: wa Kiziba warudi kwanza, na wengine wangoje. Sisi hatukubali la kwanza wala la pili. Aliyezaliwa na wazazi wa Masisi ana haki ya Masisi, awe amelala Bulengo au Kiziba au Nakivale. Mtu huyo hatupungukii chochote kwa kurudi. Kinachotupunguzia ni kuingizwa watu gizani bila kuandikwa, kama ilivyosemwa miaka ya 2009 na 2010, wakati watu na ng'ombe walipopanda Masisi na hakuna daftari lililoonyesha ni nani na wametoka kilima gani. Waliokuwa wenyeji wa kweli wakaitwa wageni, na kama kulikuwa na wageni wakajificha nyuma ya wenyeji. Penye giza kila mtu ni mwizi. Tunaona makosa makubwa kabisa ni kuyachanganya maswali mawili: wewe ni nani, na shamba hili ni la nani. La kwanza ni la uraia, linajibiwa na wazee waliokuona au waliomwona baba yako. La pili ni la mpaka na mti na kijito, linajibiwa na majirani. Mtu anaweza kuwa mwananchi kamili na shamba lile lisiwe lake. Anaweza pia kuwa mtu asiyependwa na kilima kizima, na shamba likawa lake kabisa.

Majirani zetu wamekwisha kupita njia hii, nasi tungeweza kutazama nyayo zao. Rwanda, katika mapatano ya Arusha ya 1993, walipendekeza kwamba aliyetoka nchini zaidi ya miaka 10 asidai shamba lililokwisha kukaliwa na mwingine, apewe mahali pengine. Burundi walifanya vingine. Baada ya Arusha yao ya Agosti 2000, na baada ya kuunda tume ya ardhi mwaka 2006, wakimbizi wa 1972 walirudi kutoka Tanzania, na tume ikawa mara nyingi inagawa shamba katikati, nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyekaa. Baadaye, chini ya Sérapion Bambonanire, tume ikageuka, ikarudisha shamba zima kwa aliyekimbia, na mashauri yaliyokuwa yamezimwa yakawaka upya. Sisi tunaona nusu kwa nusu si haki kamili ya mtu yeyote, lakini ilizaa majirani. Ya Rwanda inahitaji nchi yenye ardhi ya kugawa. Masisi tunayo? Tunayo, ndugu, nayo iko nyuma ya seng'enge za fermi. Jambo hili hatulioni likisemwa kwa sauti katika karatasi yoyote, maana wenye fermi ndio marafiki wa wenye karatasi, utawala huu na utawala ule. Maskini wawili wanapigana juu ya ukanda wa viazi, na juu yao ng'ombe 300 wa mtu mmoja wanatazama.

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Wasomaji wa mashimoni mnajua mpango wa vibandiko ulioanza katika nchi yetu kiasi cha mwaka 2011. Gunia la koltani au la kasiterite lilipofika kutoka shimoni, lilipimwa, likafungwa kibandiko chenye namba, na namba ikaandikwa daftarini pamoja na jina la shimo na tarehe. Lilipofika kwa mnunuzi likafungwa kibandiko cha pili, namba ya kwanza ikaonyeshwa. Mpango ulikuwa na wezi wake, tusidanganyane. Vibandiko viliuzwa usiku, na gunia la shimo jekundu likavaa jina la shimo la kijani. Hata hivyo wakubwa wa Ulaya na Marekani walitaka kujua kila kilo imetoka kilima gani, na ikawezekana kuandikwa. Kwa jiwe iliwezekana. Kwa mama aliyetoka Bulengo na watoto watano, hakuna aliyeandika ametoka lokalite gani, anarudi wapi, amekuta nini, nani yuko nyumbani mwake. Jetoni yake ya kambi ilikufa siku kambi ilipokufa.

Basi tunadai daftari. Liwe moja kwa kila lokalite, la wino, lisilochanwa kurasa. Liandikwe mbele ya shefu, nyumbakumi, wazee wa makabila yote yaliyoko pale, na wanawake wawe humo, kwa sababu mwanamke ndiye aliyelima na ndiye ajuaye mpaka ulipo. Kila anayerudi aseme kilima chake, majirani zake wa pande nne, mwaka aliotoka na nani aliyeshuhudia. Kisha yasomwe kwa sauti mbele ya watu, siku ya soko, wiki tatu mfululizo, mwenye kupinga apinge mchana mbele ya wote. Nakala moja ibaki kwa shefu, moja iende kwa wilaya, moja iwekwe mahali pasipo na serkali wala jeshi, parokiani au kwa wazee wa kanisa au msikitini. Tunajua ofisi zinavyochomwa moto huku kwetu. Karatasi tatu haziwaki siku moja.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya makarani, mtu akiwa na bunduki daftari litamfanya nini? Kweli, daftari halirudishi risasi. Lakini tazameni wenye bunduki wenyewe wanavyoandika. Kule Walikale na Masisi kundi la NDC-R la Guidon liliuza jetoni kwa kila mtu mzima, franka 1000 kwa mwezi, na asiyekuwa nayo akafungwa. Kodi ya lala salama sote tunaijua. Rubaya, baada ya M23 kuishika mwisho wa Aprili 2024, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ushuru wa koltani uliwaletea dola kama 800,000 kwa mwezi. Pesa hiyo haikukusanywa bila makarani na vitabu! Wanaweza kuandika wanapotaka kuchukua. Tunataka waandike pia wakati wa kurudisha.

Na neno moja juu ya mashimo. Vijana wengi wa kambini hawakurudi shambani, walipitiliza hadi Rubaya au Bisie, na hatuwalaumu. Sisi tunaandika mizani yao. Lakini shimo lina tabia ya kutembea. Leo liko juu ya kilima, baada ya miezi sita limefika kwenye migomba ya mtu ambaye hayupo, yuko Nakivale anangojea amani. Akirudi atakuta bonde jekundu, na kijana atamwambia: mzee, hapa ni kare ya kazi, sogea. Tunasema: ardhi ya aliyekimbia isifunguliwe shimo jipya mpaka jina lake lisomwe na ajulikane anadai au hadai. Wakubwa wa vyama vya wachimbaji wanaweza kuliamua hilo wenyewe, hawahitaji kungoja Doha. Na wafanya kazi mnaweza kukataa kushika sururu mahali mnapojua ni pa yatima. Kilo mtakazozikosa ni chache.

Kwa wenye kuandika itifaki zilizobaki tuna ombi dogo ambalo pengine halikuwafikia huko hotelini. Masisi hupandwa mara mbili, Septemba na Februari. Mtu anayerudishwa Aprili amechelewa msimu mmoja na yuko mbali na mwingine. Atakula nini, nani atamkopesha mbegu? Mwaka 2021, volkano ilipotulia, serkali iliweza kutangaza mwezi wa Juni kwamba watu wa Goma warudi hatua kwa hatua, mtaa huu kabla ya ule. Hata sasa inawezekana. Wataalamu wa mabomu watangulie, wapite Kamuronza na Mushaki na Karuba kilima kwa kilima, na waweke alama. Wazee wafungue daftari. Kisha watu warudi Agosti, wakiwa na jembe, na maharagi ya mbegu, na chakula cha miezi minne mpaka ya kwanza yakomae.